Ahadi ya Mwenye Duka

Mtu akiingia siku hizi katika duka kubwa la mjini, kabla hajauona mchele wala sabuni, hukutana kwanza na ahadi. Mlangoni imeandikwa kwamba kila anunuaye kwa kadi ya duka atapewa pointi, na pointi zikitosha atachukua kitu bila ya kulipa. Karibu na mahali pa kulipia imeandikwa kwamba akiona kitu kile kile kinauzwa kwa bei nafuu zaidi katika duka jingine, atarudishiwa tofauti. Maneno hayo ni matamu, na wengi wetu tumeyazoea hata hatuyafikiri tena. Leo twataka kuyafikiri. Je, ahadi ya namna hiyo ni ahadi kweli, yaani neno linalomfunga aliyelitoa? Na ikiwa ni ahadi, je, wenye maduka huitimiza?

Huenda msomaji akauliza kama gazeti halina mambo mazito zaidi ya kushughulikia kuliko kadi za dukani. Twajibu kwamba jamaa nyingi hazitii sahihi mkataba mkubwa ila mara moja au mbili katika maisha, lakini dukani huenda kila juma. Huko ndiko mshahara unakokwisha, na huko ndiko mtoto aliyeshika kanga ya mama yake anakojifunza kama neno lililoandikwa kwa herufi kubwa ni la kuaminiwa au ni la kuchekwa. Watu wakizoea kudanganywa katika mambo madogo, hawatashtuka wakidanganywa katika makubwa. Na lililo baya zaidi, wao wenyewe wataona kwamba kutoa neno na kutolitimiza ni desturi ya ulimwengu. Wazee wetu hawakusema kwamba ahadi kubwa ni deni. Walisema ahadi ni deni, wakaishia hapo.

Tuanze kwa kutenda haki, maana si halali kumhukumu mfanyabiashara kwa sababu tu ni mfanyabiashara. Katika Uingereza supamaketi kubwa kadha wa kadha zina bei mbili, moja ya wenye kadi na moja ya wasio nayo, na watu wengi walishuku kwamba bei ya wasio na kadi hupandishwa makusudi ili ile ya kadi ionekane ndogo. Mamlaka ya serikali inayosimamia ushindani na masoko ilichunguza bidhaa zipatazo 50,000, na mwezi wa Novemba 2024 ikatoa taarifa yake: katika bidhaa 92 kwa kila 100, punguzo lilikuwa la kweli likilinganishwa na bei ya kawaida ya duka lile lile. Basi, asemaye kwamba wenye maduka wote ni waongo, yeye mwenyewe hasemi kweli. Lakini mamlaka hiyo hiyo iliwashauri wanunuzi waendelee kulinganisha maduka, kwa kuwa bei ya kadi si lazima iwe ndogo kuliko zote. Punguzo laweza kuwa la kweli, na bado duka la jirani likawa rahisi zaidi.

Mfano mwingine watoka huko huko Uingereza. Mwaka 1925 John Spedan Lewis, aliyekuwa akilisimamia duka la Peter Jones mjini London, alitoa neno kwamba duka lake halitakubali kushindwa na wenzake kwa unafuu wa bei huku likijua. Mnunuzi aliyeonyesha bei ndogo zaidi kwingine alirudishiwa tofauti. Neno hilo likawa ahadi ya maduka yote ya John Lewis, likadumu karibu miaka 100. Lakini biashara ilipohamia kwenye intaneti, ahadi ile haikuyagusa maduka yanayouza kwa intaneti tu, na kwa hiyo maneno yalibaki makubwa huku maana yake ikizidi kuwa ndogo. Mwanzoni mwa mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba itaiacha, na mwezi wa Agosti ikaiacha. Septemba 2024 ikairudisha, safari hii ikiyataja maduka 25 ambayo bei zake zitalinganishwa na zake.

Je, kampuni hiyo ilivunja ahadi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mwenye kuahidi kwa nia ya kutimiza hasemi uongo. Asipotimiza huonekana amekosa uaminifu, lakini aweza kusamehewa kwa sababu mbili: ikiwa alichoahidi si halali, au ikiwa hali ya watu na ya mambo imebadilika. Kwa kipimo hicho twaona kwamba mwenye duka anayetangaza mapema, mbele ya wote, kwamba tangu siku fulani hataendelea na ahadi yake, hakumnyang'anya mtu kitu alichokwisha kukistahili. Aliyenunua jana amepata haki yake ya jana, na anayekuja kesho ajua hali ilivyo. Kuiacha ahadi ya kesho kwa uwazi si sawa na kuikana ahadi ya jana. Twaomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Shida yenyewe iko mahali pengine. Ahadi iliyoandikwa mlangoni ina maneno kumi. Masharti yake, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo mahali ambapo hakuna asomaye, yana maneno elfu kadha. Ndani yake twakuta kwamba kitu kinacholinganishwa lazima kiwe cha chapa ile ile, namba ile ile na rangi ile ile; kwamba duka jingine lazima liwe nacho siku hiyo; kwamba bei ya ofa, ya mnada au ya kumaliza bidhaa haihesabiwi. Baadhi ya masharti hayo ni ya haki kabisa, kwa maana hakuna mfanyabiashara anayeweza kufungwa na bei ya mtu anayefilisika na kuuza kila kitu kwa hasara. Lakini mengine ni mtego. Katika Marekani yajulikana tangu zamani kwamba watengenezaji wa magodoro hulipa godoro la namna moja jina hili katika duka hili na jina lile katika duka lile. Hapo ahadi ya kulinganisha bei hubaki imetundikwa ukutani, lakini hakuna siku itakapodaiwa, kwa sababu hakuna duka jingine lenye godoro la jina hilo. Haikuvunjwa, wala haikutimizwa. Ilitolewa ikiwa tupu tangu mwanzo.

Mwenye duka atajitetea akisema: masharti yapo, mwenye macho na asome. Utetezi huo si mgeni. Katika karne ya kumi na saba walikuwako walimu waliofundisha kwamba mtu akiulizwa kama alifanya jambo fulani aweza kujibu kwa sauti, «Sikulifanya», huku akiongeza moyoni, «siku ile». Kwa hila hiyo wakadhani ameepuka uongo. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI aliyalaani mafundisho hayo, kwa kuwa mwenye kusikia hawezi kuyasikia yaliyofichwa moyoni, na maneno hutolewa kwa ajili ya mwenye kusikia. Twakiri kwamba masharti ya duka hayakufichwa moyoni, yamepigwa chapa. Lakini yakiandikwa kwa kusudi yasisomwe, hayako mbali sana na moyo. William Paley, mwanafalsafa Mwingereza na kasisi wa Kianglikana, aliandika mwaka 1785 kanuni ambayo hata leo hatujaona iliyo bora kwa jambo hili: ahadi itimizwe kwa maana ile ambayo mwenye kuahidi, alipoitoa, alijua kwamba mwenzake anaielewa. Basi, mwenye duka na ajiulize: mama yule aliyesoma tangazo langu alielewa nini? Mimi nilitaka aelewe nini? Majibu hayo mawili yakipatana na matendo yake, ametimiza. Yakiwa ameyatenga kwa werevu, hakuna herufi ndogo itakayomwokoa.

Tuje sasa kwenye pointi, ambako neno ni zito zaidi. Ahadi ya kulinganisha bei hudaiwa papo hapo, na hoja yake humalizika siku moja. Pointi ni za namna nyingine. Mnunuzi amekwisha kutimiza upande wake: ameliacha duka la jirani, amepanda basi, amelipa, na tena ametoa habari za maisha yake, yaani ni nini anachokula, ana mtoto wa umri gani, hununua siku gani ya mwezi. Hayo yote yana thamani kwa mwenye duka, naye ameyapokea. Kinachobaki ni upande wake yeye. Lakini humo katika masharti ameandika kwamba pointi si fedha, kwamba aweza kubadili thamani yake apendapo, na kwamba zitakufa zisipotumiwa kwa muda fulani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari liko, ila liko mkononi mwa mdaiwa, naye ana kalamu na kifutio.

Katika Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Kampuni ya Nakumatt, ambayo jina lake latokana na biashara ya magodoro ya Nakuru, ilikua hata ikawa na maduka zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Tembo aliyekuwa ishara yake alijulikana na kila mtoto wa mjini, na kadi yake ya pointi ilikuwa katika mikoba ya akina mama wengi. Mwaka 2017 rafu zikaanza kuwa tupu, kwa sababu waliouza bidhaa kwa mkopo walikuwa hawajalipwa. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi. Madeni yalikuwa yamepita shilingi bilioni 30 za Kenya. Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ivunjwe. Wakulima, viwanda, mabenki na wenye majumba walisimama katika safu ndefu ya wadai. Mwenye pointi hakuwa na nafasi ya maana katika safu hiyo, kwa sababu duka likifa, pointi hazina mahali pa kutumiwa.

Wala tusidhani kwamba hayo hutokea kwetu tu. Kampuni ya Hudson's Bay ya Kanada ilianzishwa mwaka 1670, kabla ya nchi yenyewe kuitwa kwa jina ililo nalo leo kama taifa moja. Machi 2025 ilikimbilia ulinzi wa mahakama kwa ajili ya madeni, na mara pointi za wateja zikazuiwa. Kadi za zawadi, ambazo watu walizinunua kwa fedha taslimu, zilipokewa hadi mwanzoni mwa Aprili. Tarehe 1 Juni 2025 maduka ya mwisho yakafungwa. Umri wa miaka 355 haukutosha kuwa dhamana ya pointi hata moja.

Kufilisika si dhambi kwa yenyewe. Mtu mwaminifu aweza kuanguka kwa vita, kwa ugonjwa, kwa soko kubadilika. Na Mtakatifu Tomaso, kama tulivyoona, ajua kwamba mambo hubadilika. Lakini kumbuka tofauti tuliyoiweka hapo juu. Pointi ni ahadi ya jana. Malipo yake yamekwisha kupokewa. Kwa hiyo mwenye duka akiona mambo yanaharibika, wajibu wake ni kuwaambia wateja wazitumie mapema, wala asiendelee kuwaita wakusanye zaidi ili fedha yao imsaidie kupumua mwezi mmodi. Anayekusanya ahadi mpya huku akijua kwamba za zamani hazitalipwa hana tena udhuru wa hali kubadilika. Hali alikuwa akiijua.

Kuna swali jingine ambalo watu wachache hulifikiri: je, ahadi ikitimizwa yote, ndipo imekuwa neema? Mchumi wa Marekani Steven Salop alieleza mwaka 1986 jinsi ahadi ya kulinganisha bei inavyoweza kuzuia bei zisishuke. Tuseme kuna maduka mawili mjini, na yote mawili yameahidi kurudisha tofauti. Duka la kwanza likifikiri kupunguza bei ili kuvuta wateja, lajua kwamba wateja wa duka la pili hawana sababu ya kuhama, kwani watadai tofauti papo hapo walipo. Basi lapunguza kwa faida gani? Linakaa kimya, na la pili nalo linakaa kimya, na bei zinabaki juu bila ya wenye maduka kukutana wala kula njama. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyo kila mahali. Twasema tu kwamba ahadi inayotimizwa kwa uaminifu yaweza kumpendeza mtu mmoja aliyedai, na kuwagharimu mia ambao hawakudai. Na ambao hawadai ni akina nani? Ni mzee asiyeweza kuzunguka maduka matatu kulinganisha bei, ni mama asiye na simu ya kisasa, ni kibarua anayenunua robo kilo jioni baada ya kupokea ujira wa siku. Bei za wenye kadi nazo zina shida hiyo hiyo: asiye na kadi hulipa zaidi, na mara nyingi ndiye mwenye kidogo.

Sasa yafaa tujitazame sisi wanunuzi, maana lawama zote zikimwangukia mwenye duka hatutakuwa tumesema kweli. Mwaka 1902, katika mji mdogo wa Kemmerer huko Wyoming, James Cash Penney alifungua duka lililoitwa kwa jina la ile kanuni ya dhahabu, kwamba mtu awatendee wengine kama apendavyo kutendewa. Duka hilo likazaa kampuni kubwa ya J.C. Penney. Baada ya zaidi ya miaka 100, kampuni ilikuwa imezama katika desturi ya wengi: bei kubwa huandikwa, kisha hukatwa, kisha hukatwa tena kwa kuponi, hata hakuna ajuaye bei ya kweli ni ipi. Mwaka 2012 mkuu wake mpya, Ron Johnson, aliyatupilia mbali hayo yote. Aliandika bei moja, ndogo, ya kweli, bila ya kuponi. Wateja walifanya nini? Walikimbia. Mauzo ya mwaka huo yalipungua kwa kadiri ya robo nzima, toka dola zaidi ya bilioni 17 hadi karibu bilioni 13. Aprili 2013 Johnson aliondolewa, na kuponi zikarudi. Na mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ilikubali kutoa dola milioni 50 ili kumaliza kesi ya wanunuzi wa California waliodai kwamba mapunguzo yake yalikuwa ya uongo, ingawa haikukiri kosa.

Zipo sababu nyingine za anguko lile, kwani mambo mengi yalibadilishwa kwa haraka. Lakini funzo moja liko wazi. Wengi wetu hatutafuti bei nzuri. Twatafuta furaha ya kuona kwamba tumemshinda mwenye duka. Naye akijua hivyo, hutuuzia ushindi wa bandia. Tuseme duka latoa pointi moja kwa kila shilingi 100, na pointi moja ni shilingi moja. Jamaa inayotumia shilingi 40,000 kwa mwezi itapata 400. Ikinunua kitu kimoja cha shilingi 500 isichokihitaji, kwa ajili tu ya kufikia kiasi cha zawadi, imekwisha kupoteza zawadi yote na 100 juu yake. Hapo nani amemdanganya nani?

Kwa hiyo twasema hivi. Kwa wenye maduka: andikeni ahadi fupi na masharti mafupi, kwa herufi za ukubwa mmoja, na kwa lugha ambayo mnunuzi huitumia nyumbani kwake. Msiahidi kulinganisha kitu ambacho mmehakikisha hakilinganishwi. Pointi zilizokwisha kupatikana zihesabuni kuwa deni, wala msizipunguze thamani kwa nyuma. Kwa serikali: sheria zipo. Katika Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mwenendo wa kuwapotosha wanunuzi. Katika Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 yampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajiwa ili afaidi bidhaa na huduma kikamilifu. Sheria isiyotumiwa nayo ni ahadi isiyotimizwa, na anayeiahidi ni mkubwa kuliko mwenye duka.

Na kwenu, akina baba na akina mama: ingieni dukani na karatasi ya mahitaji, mtoke na yaliyomo katika karatasi. Tunzeni risiti. Mkiahidiwa tofauti ya bei, idaini kwa adabu, kwa kuwa ahadi isiyodaiwa haimgharimu kitu aliyeitoa. Msimkaripie msichana anayepokea fedha. Si yeye aliyeandika masharti, na jioni yeye pia atanunua unga kwa bei hiyo hiyo. Pointi zenu zitumieni mapema, msizifanye akiba, maana akiba huwekwa mahali mtu awezapo kuitoa apendapo. Wala msidai kwa hila, kwa risiti ya kuazima au bei ya kubuni, kwani anayetaka kutendewa haki hana ruhusa ya kuiba hata kwa mwizi.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mwenye duka aliye muungwana hana haja ya kuandika ukutani kwamba yeye ni mwaminifu. Bei zake zitamsemea. Lakini akishaandika, aliyoyaandika yamemfunga, yawe ya senti kumi au ya shilingi elfu kumi, na kila mnunuzi aliyeyasoma na kuyasadiki ameshika mkononi hati ya deni lake.